Divai pa meza na mafuta ya damu: historia ya jaribio bila témoin



Kuko neno moja lenye linazunguka mu sherehe zetu, ku ndoa, ku proclamation, hata pa matanga: glasi moja ya divai nyekundu wakati wa kula inasafisha mafuta mu damu na inalinda moyo. Mara mingi mwenye kulisema ni mutu aliyesoma, na anamalizia: "Wafaransa walishahakikisha." Wenye kumusikiliza hawana namna ya kuhakikisha. Wanaamini kwa sababu ya diploma yake. Njo maana neno hili si la muchezo: ni ushauri wa afya, na unatoka mu vinywa vyetu.

Halikutoka hewani. Lina miaka yake, lina inchi zake, na lina majina ya watu. Tulifuate tangu mwanzo. Nitalifuata sawa mutu wa agronomia, juu historia hii yote inazunguka kitu kimoja chenye tunajifunza mu shamba la majaribio. Mbele ya kusema kama mbolea ndiyo ilileta mavuno, oneshe kwanza témoin, yaani kile kipande cha shamba chenye hakikupata mbolea lakini kinafanana na kingine kwa mambo yote.

1. Mwaka wa 1926

Raymond Pearl alikuwa mwanabiolojia Mumarekani. Mbele ya kugusa mambo ya pombe, alifanya miaka zaidi ya kumi ku kituo cha utafiti wa kilimo cha Maine, akichunguza namna kuku wanarithishana utagaji wa mayai. Kiisha alienda Johns Hopkins, mu muji wa Baltimore. Mwaka wa 1926 alitoa kitabu juu ya pombe na urefu wa maisha, kutokana na hesabu za familia za wafanyakazi wa muji ule. Alikuta kama walevi wakubwa wanakufa mapema. Hapo hakuna aliyeshangaa. Lakini wenye kunywa kidogo hawakufa mapema kuliko wenye hawakunywa hata tone. Walionekana hata kuwapita kidogo. Marekani wakati ule ilikuwa imekataza pombe kwa sheria, tangu 1920 mpaka 1933. Mutajiwazia wenyewe kelele yenye kitabu kile kilileta.

Mwaka ule ule wa 1926, ku Uingereza, Ronald Fisher wa kituo cha kilimo cha Rothamsted aliandika makala juu ya namna ya kupanga majaribio ya shamba. Fundisho lake tunalijua: usichague wewe mwenyewe kipande gani kitapata mbolea. Piga kura. Ukichagua, hata bila kujua, utaweka mbolea pale udongo uko muzuri, kiisha utasifu mbolea kwa kazi ya udongo.

Watu wa Baltimore hawakupigiwa kura. Kila mumoja alijichagulia kunywa ao kuacha, na alikuwa na sababu zake. Shika jambo hili, tutalihitaji.

2. Mafuta yanapata majina

Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayachanganyike na maji. Basi mwili unafunga mafuta ndani ya vifurushi vidogo vyenye protini, ili yaweze kusafiri mu mishipa. Karibu na mwaka wa 1950, John Gofman na wenzake ku Berkeley, California, walitumia mashine yenye kuzungusha damu kwa nguvu sana, na vifurushi vile vikajitenga kwa uzito wake. Ndipo tulipata majina yenye tunasoma leo ku karatasi za laboratwari.

LDL inapeleka kolesteroli mu sehemu za mwili. Ikizidi, inabakia mu kuta za mishipa na kuziziba polepole. HDL ni kifurushi kidogo chenye protini mingi. Inachukua kolesteroli ya ziada na kuirudisha ku ini. Trigliseridi ni mafuta ya akiba, yenye kupanda nyuma ya chakula.

Mu muji mudogo wa Framingham, ku Massachusetts, waganga walianza mwaka wa 1948 kufuata watu 5,209, mwaka kwa mwaka, waone nani atashikwa na ugonjwa wa moyo na sababu gani. Mwaka wa 1977 walitangaza kama wenye HDL ya chini ndio walishikwa zaidi. HDL ikapata jina la "kolesteroli nzuri". Mwaka ule ule, William Castelli na wenzake waliandika mu gazeti la waganga The Lancet kama, kadiri watu wanakunywa pombe zaidi, HDL yao iko juu zaidi. LDL ilikuwa chini kidogo. Lakini trigliseridi nazo zilipanda. Tazama vizuri: tangu siku ya kwanza matokeo yalikuwa na pande mbili. Watu walichukua upande mumoja, wakaacha mwingine pale.

Hapo isifikiriwe kama hesabu zilikuwa za uongo. Mwaka wa 1999, Eric Rimm wa Harvard na wenzake walikusanya uchunguzi 42, kati yao majaribio yenye watu walipewa pombe kwa kipimo na damu yao kupimwa. Gramu 30 za alkoholi kwa siku zilipandisha HDL kwa miligramu karibu 4 kwa desilita moja. Trigliseridi zilipanda karibu 5.7. Basi pombe inapandisha HDL. Ni kweli na imejaribiwa. Kosa liko mbele zaidi.

3. Ufaransa na televizio

Mwaka wa 1979, watafiti watatu wa Cardiff, mumoja wao Archie Cochrane, walilinganisha inchi 18 zenye kuendelea. Kule wanakunywa divai mingi, vifo vya moyo vilikuwa vichache. Ufaransa ilikuwa mufano mukubwa. Na huyu Cochrane ndiye alijulikana dunia nzima kwa kuomba waganga wapige kura mu majaribio yao sawa watu wa shamba! Lakini inchi haipigiwi kura. Ufaransa na Finlandi hazitofautiane kwa divai peke yake.

Mwanaume mwenye alilibeba neno mpaka kwa watu wote ni Serge Renaud, mutafiti wa Ufaransa mwenye alikulia mu eneo la mizabibu ya Bordeaux na kufanya kazi ku Lyon. Tarehe 17 Novemba 1991, kipindi cha 60 Minutes cha televizio CBS kilieleza fumbo lenye linaitwa "paradoxe ya Ufaransa": watu wanakula siagi, jibini na nyama za mafuta, lakini moyo wao unadumu. Muandishi wa habari Morley Safer aliinua glasi ya divai nyekundu mbele ya Wamarekani mamilioni, na kuonesha kama jibu linaweza kuwa mule. Nyuma ya kipindi, divai nyekundu iliuzwa sana ku Marekani.

Mwaka wa 1992 Renaud na Michel de Lorgeril walichapisha hoja yao mu The Lancet: gramu 20 mpaka 30 za alkoholi kwa siku zinaweza kupunguza hatari ya moyo kwa asilimia 40 ao zaidi. Lakini mu makala ile ile waliandika kitu chenye wauzaji wa divai hawakutangaza: HDL ya Wafaransa haiko juu kuliko ya inchi zingine. Njo maana wao wenyewe waliacha njia ya kolesteroli na kutafuta maelezo mu chembe zenye kugandisha damu. Ni kusema, muzee wa paradoxe mwenyewe hakusema kama divai inaokoa Wafaransa kwa kusafisha mafuta. Sisi ndio tulimuongezea.

Kuko na maelezo mengine. Mwaka wa 1999 watafiti wawili wa Uingereza, Malcolm Law na Nicholas Wald, walionesha kama Wafaransa walianza kula mafuta mengi ya wanyama nyuma ya Waingereza na Wamarekani. Mishipa inaziba kwa miaka makumi. Ukipima vifo vya leo na chakula cha leo, unapima mavuno ya msimu mumoja na mvua ya msimu mwingine. Wakisema pia kama vifo vingine vya moyo ku Ufaransa viliandikwa kwa majina mengine. Na ini? Ufaransa ya miaka ile, ugonjwa wa ini wa kunywa uliua watu wengi. Ku televizio, moyo ulipewa kiti cha mbele kuliko ini.

4. Témoin mugonjwa

Sasa turudi kwa kura. Mu uchunguzi ule wote, mwenye kunywa kidogo alilinganishwa na mwenye hakunywa. Lakini huyu mwenye hakunywa ni nani?

Mwaka wa 1988, Gerald Shaper wa London na wenzake waliuliza swali lile. Walifuata wanaume 7,735 wa miji 24 ya Uingereza. Wakakuta kama kati ya wenye hawakunywa, wengi walikuwa wanywaji wa zamani. Waliacha kwa sababu walishakuwa wagonjwa: moyo, tansio, sukari, dawa zenye hazipatane na pombe. Basi "témoin" ilikuwa kundi la watu wenye afya ilishapungua. Ni sawa kuweka mbolea ku udongo mweusi, na témoin ku mawe, kiisha kushangilia mbolea.

Ku upande mwingine, mwenye kunywa glasi moja pa meza ni mutu gani? Ku Danemark, mwaka wa 2006, watafiti walichapisha uchunguzi wa manunuzi milioni 3.5 ya maduka makubwa. Wenye kununua divai walinunua pia matunda, mboga, zeituni na nyama zenye mafuta kidogo. Wenye kununua bia walinunua zaidi soseji, sukari na vinywaji vitamu. Divai ilikuwa alama ya kikapu kizima, na nyuma ya kikapu kuko mushahara, shule na kazi. Mutu mwenye pesa ya divai kila siku na kiasi cha kuishia ku glasi moja, yuko na mambo mengi mengine yenye kumulinda.

5. Majani mengi, muhogo hakuna

Watetezi wa divai walijibu: sawa, watu wanatofautiana, lakini HDL inapanda kweli! Na HDL inalinda!

Hapa tuingie shambani tena. Weka azoti mingi ku muhogo. Majani yatakuwa makubwa, ya kijani, kila mupita njia atasifu. Chimba: mizizi midogo. Majani yalikuwa alama ya mumea wenye afya, lakini kulazimisha majani si kulazimisha mavuno. Je, HDL ni majani ao ni mizizi?

Jibu lilikuja kwa uchungu. Kampuni moja kubwa ya dawa ilitengeneza torcetrapib, dawa yenye kupandisha HDL kuliko divai yoyote. Walipima wagonjwa zaidi ya 15,000, kwa kura. HDL ilipanda zaidi ya asilimia 70. Mwezi wa Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa haraka, kwa sababu wenye walipata dawa walikufa wengi kuliko wenye hawakuipata. Dawa ile ilikuwa na ubaya wake mwingine, ilipandisha tansio. Lakini hata dawa zingine za kupandisha HDL zenye zilifuata hazikuleta mavuno yenye yalingojewa.

Mwaka wa 2012 uchunguzi mwingine ulimalizia. Kuko watu wenye wanazaliwa na kinasaba chenye kupandisha HDL maisha yao yote. Kama HDL yenyewe inalinda, hao wangeshikwa na mushituko wa moyo mara chache. Benjamin Voight na wenzake walikuta kama wanashikwa sawa na wengine. Kupunguza LDL kunaokoa moyo, hiyo ilihakikishwa mara nyingi. Kupandisha HDL peke yake hakukuonesha kitu kile. HDL ilikuwa majani.

6. Kura ya kuzaliwa

Inabakia swali: bila jaribio la miaka makumi, tutapata wapi témoin ya kweli juu ya pombe?

Uumbaji wenyewe unapiga kura. Kila mutoto anapokea nusu ya vinasaba vya baba na nusu ya mama, na hakuna mwenye kuchagua. Kuko vinasaba vyenye kufanya pombe iwe chungu kwa mwili: uso unakuwa mwekundu, moyo unapiga mbio, kichwa kinauma. Mwenye kuvirithi anakunywa kidogo ao anaacha kabisa, si kwa sababu ya ugonjwa wala mushahara. Huyo njo témoin yenye Fisher angekubali.

Mwaka wa 2014, Michael Holmes na wenzake walikusanya watu 261,991 wenye asili ya Ulaya. Wenye kinasaba cha kunywa kidogo walikuwa na tansio ya chini na ugonjwa wa moyo kidogo. Faida ile ilionekana hata kati ya wenye kunywa kwa kiasi, wale wale wenye tuliambiwa wako mu usalama.

Mwaka wa 2019 matokeo yalitoka China, ku watu zaidi ya 500,000. Walipouliza watu tu "unakunywa kiasi gani?", picha ya zamani ilirudi: wenye kunywa kidogo walionekana wazima kuliko wote. Walipofuata vinasaba, picha ile ilipotea. Kadiri kinasaba kinaruhusu kunywa zaidi, tansio inapanda na hatari ya kupasuka ao kuziba kwa mishipa ya kichwa inapanda. Kwa mushituko wa moyo, ulinzi haukuonekana. Na hapa kuko kitu kizuri sana kwa mutu wa majaribio: wanawake wa kule karibu hawakunywe, asilimia 2 tu. Wao wana vinasaba vile vile, lakini kwao havikubadilisha hatari. Basi kazi ilifanywa na pombe, si na kinasaba. Wanawake walikuwa kipande cha témoin.

7. Na chakula je?

Mwenye kutetea atasema: lakini mimi nakunywa wakati wa kula. Hapo kuko ukweli wenye unastahili kusemwa vizuri. Chakula kinachelewesha pombe mu tumbo, inaingia mu damu polepole, na kilele chake kinakuwa chini. Ku Italia, uchunguzi wenye ulitolewa mwaka wa 2001 ulionesha kama wenye kunywa inje ya chakula walikufa zaidi kuliko wenye kunywa pa meza. Lakini angalia témoin! Pale wanalinganisha mwenye kunywa na chakula na mwenye kunywa na njaa. "Bora kuliko kunywa na njaa" haimaanishe "bora kuliko kutokunywa".

Na kwa upande wa mafuta yenyewe, meza haisaidie sawa vile tunawaza. Ini likipokea pombe, linaichoma kwanza, juu mwili hauna ghala la kuiwekea. Mafuta ya chakula yanangojea zamu. Njo maana, nyuma ya chakula cha mafuta na pombe, trigliseridi zinapanda zaidi na zinakawia kushuka. Sombe yenye mawese mengi na chupa pembeni, haiko kusafisha damu. Mwenye trigliseridi za juu, hilo ni la kwanza lenye muganga atamukataza.

Tupime pia kiasi. Glasi ya divai ya sentilita 12.5 ina gramu karibu 12 za alkoholi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina gramu karibu 28. Ni kusema gramu 30 za Rimm zinaisha mu chupa moja. Mwenye kusema "kwa kiasi" na chupa tatu pa meza, anazungumzia kitu kingine kabisa.

Kulikuwa tumaini la jaribio la kweli. Ku Marekani walipanga kupigia kura watu 7,800: wamoja glasi moja kwa siku, wengine bila kitu, kwa miaka. Mwezi wa Juni 2018 taasisi ya serikali yenye kusimamia utafiti wa afya ililifunga. Zaidi ya nusu ya pesa ilitoka kwa kampuni za pombe, na mazungumzo nazo yalifanyika mbele ya jaribio kupangwa. Tunajua mu kazi yetu: mwenye kuuza mbolea akilipa jaribio na kuchagua témoin, ripoti iko tayari mbele ya mvua ya kwanza. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kama hakuna kiasi cha pombe chenye hakina hatari, zaidi juu ya kansa. Pombe ilishawekwa mu orodha ya visababishi vya kansa tangu 1988, miaka mitatu mbele ya Safer kuinua glasi ile.

Mabishano ya wataalamu hayakuisha yote. Juu ya moyo wengine bado wanatetea glasi ndogo. Lakini njia ya mafuta, ile yenye tunapenda kutangaza ku sherehe, ilifungwa. HDL inapanda, trigliseridi nazo zinapanda, na kupanda kwa HDL hakukuleta mavuno. Mwenye anataka kujua mafuta yake aende laboratwari, apime, asikilize muganga, atembee kwa miguu, apunguze mafuta ya kukaangia. Na mwenye kupenda divai yake pa meza aseme vile iko: anakunywa juu ni tamu na juu ya kufurahi na wenzake. Hilo halihitaji diploma. Lakini akisema ni dawa, tumuombe atuoneshe témoin.